Maziwa ya Mbarara na Dola Zinazobaki

Maziwa ya unga yanayotoka Mbarara kwenda nje ya Uganda hufungwa katika mifuko ya kilo 25. Mfuko mmoja wa maziwa yasiyoenguliwa hula takriban lita 200 za maziwa mabichi, kwa kuwa sehemu kubwa ya maziwa, karibu asilimia 87, ni maji, na maji hayo hukaushwa karibu yote kabla lori halijapakiwa. Lita 200 ni mkamuo wa siku moja wa ng'ombe chotara wapatao ishirini, au wa kundi kubwa la ng'ombe wa asili wa Ankole, wale wenye pembe ndefu, ambao humwachia mkamuaji lita mbili hivi kwa siku baada ya ndama kupata haki yake. Nyuma ya kila mfuko kuna wafugaji kadhaa, wachungaji wao, vijana wa bodaboda wenye mitungi ya maziwa, mpimaji wa kituo cha ukusanyaji na dereva wa lori la tangi. Hao wote wamekwisha kulipwa, au wanadai, kabla mfuko haujavuka mpaka.

Hapo ndipo swali la viwanda vya kuuza nje linapoanzia. Serikali za Afrika Mashariki hupenda kuhesabu mafanikio ya viwanda hivyo kwa dola zinazoingia, na dola hizo kweli zina kazi: ndizo zinazolipia mafuta, dawa na mashine ambazo nchi haitengenezi. Lakini takwimu ya mauzo ya nje haisemi fedha hizo zimepita mikononi mwa nani. Tuseme viwanda viwili vinauza nje bidhaa za dola milioni moja kila kimoja. Cha kwanza kinanunua malighafi, usafiri na huduma za humu nchini kwa dola laki saba. Cha pili kinaagiza karibu kila kitu kutoka ng'ambo, na hapa kinalipa mishahara na umeme tu, jumla dola laki moja na nusu. Katika kitabu cha forodha viwanda hivyo ni sawasawa. Sokoni havifanani hata kidogo.

Mwanauchumi Albert Hirschman, mzaliwa wa Berlin aliyefanya kazi miaka kadhaa Amerika ya Kusini, alilipa jambo hili msamiati wake katika kitabu alichokitoa mwaka 1958. Alitofautisha mafungamano ya nyuma, yaani kiwanda kinavyowaamsha wale wanaokiuzia malighafi na huduma, na mafungamano ya mbele, yaani bidhaa yake au mabaki yake yanavyozaa kazi nyingine. Mwaka 1977 aliongeza mengine mawili: ya matumizi, pale wenye kipato kipya wanapokwenda dukani, na ya kodi, pale serikali inapochota sehemu yake na kuitumia. Mafungamano yote manne yanaonekana Ankole, eneo la Mbarara na wilaya jirani kusini-magharibi mwa Uganda, ingawa hayana nguvu sawa.

Sekta ya maziwa ya Uganda haikuanza na soko la nje. Shirika la Maziwa la serikali liliundwa kwa sheria ya 1967, likawa peke yake lenye haki ya kusindika na kuuza maziwa mijini. Vita na mvurugiko wa miaka ya 1970 na 1980 viliangusha ufugaji hata nchi ikawa inategemea maziwa ya unga ya msaada kutoka Ulaya. Katika miaka ya 1990 ukiritimba uliondolewa. Sheria ya 1998 ikaleta Mamlaka ya Maendeleo ya Maziwa, iliyoanza kazi mwaka 2000. Wafugaji wa Ankole nao wakaunganisha vyama vyao vya ushirika mwaka 2005 kuwa chama kikuu, Uganda Crane Creameries, chenye makao Mbarara. Mwaka 2006 shirika la serikali lilikabidhiwa kampuni ya Sameer, na mwaka 2015 Brookside ya Kenya ikanunua sehemu kubwa ya biashara hiyo.

Kilichobadilisha hesabu ni viwanda kusogea karibu na ng'ombe. Kwa miaka mingi maziwa ya Ankole yalisafirishwa mabichi hadi Kampala, zaidi ya kilomita 260 kutoka Mbarara, na msimu wa mvua yalipofurika bei ilianguka na mengine yakamwagwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Pearl Dairy, yenye wamiliki wa Dubai, ilijenga Mbarara kiwanda cha maziwa ya unga na ya muda mrefu kwa jina la Lato. Amos Dairies, yenye asili ya India, ikajenga chake wilayani Kiruhura kutengeneza kaseini, ile protini ya maziwa inayotumika katika vyakula vya viwandani, kwa ajili ya soko la Marekani. Vipo pia viwanda vidogo vya jibini, mtindi na samli.

Wawekezaji hao hawakufika Ankole kwa huruma. Maziwa hayangoji. Katika joto la mchana huchachuka ndani ya saa chache, na kuyabeba mabichi ni kulipa nauli ya maji. Mwenye kiwanda cha kaseini hana ujanja: lazima ajenge pale malisho yalipo, na lazima anunue kwa maelfu ya watu ambao hawezi kuwaajiri wala kuwafukuza. Mwenye kiwanda cha nguo anaweza kushusha majora ya kitambaa bandarini na kushona popote penye umeme na ujira mdogo. Tofauti hiyo ya malighafi hueleza mengi zaidi kuliko sera yoyote ya uwekezaji iliyopata kuandikwa Kampala.

Kiungo cha kwanza ni kituo cha kukusanyia maziwa. Kwa kawaida ni jengo dogo kando ya barabara, lenye tangi la chuma kisichoshika kutu, jenereta ya akiba na meza ya kupimia. Asubuhi hufika pikipiki zenye mitungi ya aluminiamu iliyofungwa kwa mipira ubavuni. Madumu ya plastiki, yaliyozoeleka zamani, hukataliwa kwa sababu hayaoshiki vizuri ndani. Mpimaji huchovya laktometa ndani ya maziwa: ikizama kupita kiasi, maziwa yametiwa maji. Kisha huchukua maziwa kidogo, akayachanganya na alkoholi ya kiasi hichohicho kwenye kibomba cha kioo na kukitikisa. Yakifanya vidonge, yameanza kuchachuka na hayatastahimili moto wa kiwandani. Yakipita humiminwa tangini, yakapoozwa hadi nyuzi 4, na lita za mfugaji zikaandikwa daftarini.

Mtungi uliokataliwa hurudi na mwenyewe. Maziwa mengine yataishia kuwa samli ya eshabwe, kitoweo cha heshima cha Banyankore, au kuuzwa bei ya kutupa kwa mwenye mkahawa. Ila adhabu hiyo ndiyo shule ya kiwanda. Mnunuzi wa nje hupima mabaki ya dawa za viuavijasumu na sumu ya kuvu, na masharti yake hushuka hatua kwa hatua hadi kwenye zizi: ng'ombe aliyechomwa sindano asikamuliwe kwa mauzo mpaka siku za dawa zipite, pumba zisihifadhiwe mahali penye unyevu, chuchu zioshwe. Mashirika kama SNV la Uholanzi yalitumia miaka mingi kufundisha mambo hayo kusini-magharibi mwa Uganda. Ujuzi huo haupimwi kwa dola, lakini maziwa ya mtoto wa Mbarara hupita kwenye laktometa ileile.

Nyuma ya zizi mnyororo unaendelea. Mfugaji aliyehakikishiwa mnunuzi kila siku huona faida ya kubadilisha kundi, na ndivyo Friesian chotara walivyoenea Kiruhura, Isingiro na Mbarara huku ng'ombe wa pembe ndefu wakipungua. Chotara anataka uhimilishaji, na uhimilishaji unataka mtaalamu mwenye pikipiki na mtungi wa baridi kali. Anataka malisho yaliyozungushiwa uzio, kwa hiyo nguzo na waya huuzwa. Anataka bwawa, kwa hiyo mwenye katapila anapata kazi. Kupe humwangusha upesi kuliko wanavyomwangusha mwenzake wa asili, kwa hiyo duka la dawa za mifugo halikosi wateja. Hata zaidi ya inavyotakiwa: kupe wa eneo hili wamezoea aina kadhaa za dawa ya kuogeshea, na wafugaji wamejikuta wakichanganya dawa kienyeji na kutumia fedha nyingi kwa nafuu ndogo.

Kazi za shambani ndizo zinazoufikisha mnyororo huu Nakivale. Makazi hayo ya wakimbizi yako wilayani Isingiro, kilomita 60 hivi kutoka mji wa Mbarara. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda na yakatangazwa rasmi mwaka 1960. Leo yana zaidi ya watu laki moja, wengi wao Wakongo, pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Mkimbizi anayepewa kiwanja hulima mahindi na maharage. Asiye na kiwanja cha kutosha hutafuta leja leja, kibarua cha kutwa, na mashamba ya wenyeji wa Isingiro ni mojawapo ya sehemu anazozipata: kulima, kuchunga, kukata nyasi, kuchota maji.

Mahindi ya Nakivale hununuliwa na wachuuzi wa Uganda wanaoingia na malori wakati wa mavuno. Yakifika kinuni hugawanyika sehemu mbili: unga kwa watu, pumba kwa mifugo. Pumba ni chakula muhimu cha ng'ombe wa maziwa wakati wa kiangazi, majani yanapokauka. Hivyo jasho la mtu aliyekimbia Kivu laweza kuingia ndani ya mfuko wa kilo 25 uliopigwa muhuri wa Mbarara bila yeye kuwahi kukiona kiwanda. Katika takwimu za mauzo ya nje hayumo, wala hayumo katika hesabu za ajira za kiwanda.

Upande wa matumizi, njia ni fupi zaidi. Mfugaji analipwa kila wiki mbili au kila mwezi, aghalabu kupitia chama chake cha akiba na mikopo au benki. Hiyo ni tofauti kubwa na kahawa au ndizi, zinazolipa kwa msimu. Fedha inayokuja kwa tarehe inayojulikana inaweza kukopewa. Ndiyo maana siku za malipo huonekana Mbarara mjini: kwenye maduka ya mabati na saruji, kwenye ada za shule, kwenye mafundi wa pikipiki. Nyamitanga, mtaa wa mlimani ng'ambo ya mto Rwizi wenye kanisa kuu la Jimbo Kuu la Mbarara na shule zake, unaishi kwa sehemu na fedha za namna hiyo. Mzazi wa Kiruhura anayelipa bweni la mwanawe kwa hundi ya maziwa anamlipa mwalimu, mpishi na muuza mkaa ambao hawana habari na bei ya kaseini New York.

Fedha ya maziwa hukutana Mbarara na fedha nyingine iliyotoka nje kwa mlango tofauti. Nakivale huingiza misaada, pesa zinazotumwa na ndugu walioko ng'ambo, na mapato ya biashara za wakimbizi wenyewe: vitenge vya Wakongo, maduka ya jumla ya Wasomali huko Base Camp, saluni, vinu, nyumba za video. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza Nakivale, Kyangwali na Kampala walionyesha katika taarifa yao ya 2014 kwamba wakimbizi hao wamefungamana na masoko ya Uganda kama wanunuzi, wauzaji na hata waajiri wa Waganda. Mwenye duka la New Congo ndani ya makazi hununua sukari, sabuni na maziwa ya pakiti kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Mbarara. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipopunguza mgawo mwezi Julai 2023, likiwapanga wakimbizi kwa kadiri ya uhitaji, aliyepoteza mauzo si mwenye duka la New Congo peke yake.

Hata hivyo si kila shilingi inayoingia inabaki. Mitambo ya kukaushia maziwa huagizwa Ulaya au Asia. Karatasi maalumu za pakiti za maziwa ya muda mrefu hutoka nje, kama vile kemikali za maabara, vipuri, na sehemu kubwa ya dawa za mifugo. Mwenye mtaji akiwa wa Dubai au India, faida yake ina haki ya kwenda huko. Zipo pia nafuu za kodi wanazopewa wawekezaji wanaouza nje, na kila nafuu hulegeza lile fungamano la nne la Hirschman. Hata hivyo katika maziwa gharama kubwa kuliko zote ni maziwa yenyewe, na hayo hununuliwa hapahapa kwa shilingi. Kwa hiyo mvujo upo, ila hauli kiini.

Katika nguo kiini chenyewe ndicho kilichovuja. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya AGOA, iliyofungua soko lake kwa bidhaa za Afrika bila ushuru, na kuziruhusu nchi maskini kushona kwa kitambaa kutoka nchi yoyote. Uganda ikaharakisha. Kiwanda cha Tri-Star kilianza kazi mwaka 2003 Bugolobi, Kampala, katika majengo yaliyokuwa ghala la kahawa, kikiungwa mkono na Ikulu na mikopo yenye dhamana ya serikali. Wasichana waliletwa kutoka wilaya mbalimbali na kulazwa mabwenini. Kitambaa kiliagizwa Asia. Pamba ya Uganda, inayolimwa hasa kaskazini na mashariki, iliendelea kuuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Oktoba 2003 wafanyakazi waligoma kulalamikia hali ya kazi, na mamia wakafukuzwa. Mwaka 2006 kiwanda kilifungwa.

Kilipofungwa hakuna mkulima wa pamba aliyepoteza mnunuzi, na hiyo ndiyo hukumu kali zaidi inayoweza kutolewa juu ya mradi ule. Walioumia ni wasichana wenyewe, mama ntilie waliowauzia chakula, na mlipakodi aliyedhamini mikopo. Kiwanda kilikuwa ndani ya Kampala kijiografia, na nje yake kiuchumi.

Kenya imekwenda mbali zaidi kwa njia hiyohiyo. Sheria yake ya 1990 iliunda maeneo maalumu ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, maarufu kwa kifupi cha EPZ, na kubwa lao liko Athi River. Mwekezaji husamehewa kodi ya mapato kwa miaka kumi na ushuru wa malighafi anazoagiza. Maelfu ya Wakenya, wengi wao wanawake, hushona humo jinzi na mashati ya maduka ya Marekani, kwa kitambaa ambacho sehemu kubwa yake hutoka Asia. Huko fungamano linalofanya kazi ni la ujira: kodi za nyumba za Mlolongo na Athi River, matatu za alfajiri, vibanda vya chapati getini. Si kidogo. Lakini ujira wa kushona ni sehemu ndogo ya bei ya jinzi, na uhai wa ajira hizo umekuwa ukining'inia kwenye sheria inayotungwa Washington. Uganda yenyewe ilitolewa AGOA kuanzia Januari 2024.

Ufungamano waweza kujengwa hata pale ulipoanza ukiwa mwembamba. Morisi ilianzisha eneo lake la uzalishaji kwa mauzo ya nje mwaka 1970, ikishona kwa nyuzi na vitambaa vya kuagiza. Tofauti ni kwamba matajiri wa sukari wa kisiwa hicho waliweka humo fedha zao wenyewe pamoja na wageni kutoka Hong Kong, na kadiri miaka ilivyopita wakajenga viwanda vya kusokota nyuzi na kufuma. Faida ilikuwa na wenyewe wa kuirudisha. Mbarara, ambako mtaji mkubwa wa usindikaji ni wa kigeni na wafugaji wana ng'ombe na vituo vya kupoozea, ina nusu ya sharti hilo.

Mafungamano ya mbele huonekana kwenye mabaki. Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki ni wa sangara wa ziwa Viktoria: mnofu hupelekwa Ulaya, mabondo huenda China, na kinachobaki, mapanki ya Mwanza au mgongo wazi wa Kisumu, hukaangwa na kuliwa na watu wa ufukweni. Kaseini ina mgawanyiko wa aina hiyo. Lita mia moja za maziwa hutoa kilo tatu tu hivi za kaseini kavu. Malai huenguliwa kwanza na kuwa siagi au samli. Yale maji ya kijani-njano yanayobaki baada ya protini kuganda yana sukari na madini, na yanaweza kukaushwa, kulishwa nguruwe, au, yakikosa mpangilio, kuwa uchafu unaonuka. Mabaki ya kiwanda yakiwa chakula au takataka hutegemea kama yupo jirani mwenye mtaji wa kuyatumia.

Fungamano imara lina upande wake mchungu, kwa sababu hupitisha hasara kwa njia ileile linayopitishia faida. Mnunuzi mkubwa wa maziwa ya Uganda kwa muda mrefu amekuwa Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza asilimia 60 maziwa yanayotoka nje ya jumuiya, na ukuta huo ndio uliofanya maziwa ya Mbarara yawe na bei Nairobi. Lakini Kenya nayo ina wafugaji, na wana kura. Januari 2020 maofisa wa Kenya walikamata shehena za Lato, jambo lililozua ugomvi wa barua kati ya serikali mbili. Machi 2023 Bodi ya Maziwa ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa maziwa ya unga, kwa maelezo ya kulinda wakulima wake msimu wa mvua.

Ng'ombe hajui kwamba mpaka wa Busia umefungwa. Asubuhi ya pili anakamuliwa vilevile. Kiwanda kikikosa pa kupeleka unga hupunguza manunuzi, kituo cha ukusanyaji kinakataa mitungi iliyozidi, na bei ya shambani inaanguka ndani ya wiki chache. Mfugaji huanza kupunguza palipo rahisi: pumba, dawa, kibarua. Kwa hiyo uamuzi wa ofisi moja ya Nairobi hufika hadi kwa mtu wa leja leja anayetoka Nakivale, na hadi kwa mhasibu wa shule anayesubiri ada. Karantini za ugonjwa wa miguu na midomo, kama zile za mwanzoni mwa 2024 zilizofunga masoko ya mifugo katika wilaya nyingi, hufanya kazi kama hiyo kutoka ndani.

Dawa iliyotafutwa ni wanunuzi zaidi ya mmoja. Machi 2023 Rais Museveni alizuru Algeria, nchi inayonunua maziwa ya unga kwa wingi kuliko karibu zote barani, na maziwa yakawa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa. Soko la mbali lina gharama zake: Mbarara haina reli, na kila mfuko lazima uanze kwa lori safari ya kwenda Mombasa, zaidi ya kilomita 1,400, kabla ya kuiona meli. Nauli hiyo nayo ni fungamano, la madereva, gereji na vituo vya mafuta vya njiani, ila hukatwa kwenye bei ya mfugaji.

Kuna mnunuzi wa tatu asiyetajwa sana kwenye mikutano ya wawekezaji, naye ni mnywaji wa nyumbani. Kiwanda kinapokomba maziwa yote ya Ankole kwa bei nzuri, mama wa Nyamitanga anayenunua kikombe kwa mchuuzi hulipa zaidi. Mfugaji anafurahi, mnywaji ananung'unika, na wote wawili ni uchumi wa ndani. Katika makazi ya wakimbizi, ambako kununua maziwa ya mtoto ni hesabu ya kila siku, ongezeko dogo tu linatosha kuyageuza kuwa anasa. Upande wa pili, bila soko la nje kundi la Friesian lisingekuwepo, na maziwa ya kiangazi yangekuwa machache na ghali zaidi. Wingi umeongezeka kwa ajili ya Nairobi na New York, na masalia yake huliwa Mbarara. Bei ya msimu wa mvua na ya kiangazi haiwezi kuamuliwa kwa kanuni moja, na wanaodai kwamba mauzo ya nje daima hunyang'anya chakula cha nyumbani, kama wanaodai kwamba hayana athari, hawajakaa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa mwaka mzima.

Fungamano la mwisho ni la maji. Mto Rwizi unaopita kati ya mji na Nyamitanga ndio uliokuwa chanzo kikuu cha maji ya bomba ya Mbarara, na viwanda vya vinywaji vinautegemea pia. Kiwanda cha bia cha Nile Breweries kilifunguliwa hapa mwaka 2013. Usindikaji wa maziwa nao hutumia maji mengi, si kwa kuyatia ndani ya bidhaa bali kwa kuosha mabomba na matangi kila baada ya zamu, na maji hayo hutoka na mafuta na protini zinazokula hewa ya mto. Kingo za Rwizi zimelimwa na kulishiwa, vinamasi vyake vimekaushwa, na kina chake kimeshuka sana katika miaka ya kiangazi kikali. Chini zaidi, maji ya Rwizi hulisha mfumo wa ziwa Mburo na ziwa Nakivale, uliotambuliwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar wa maeneo oevu, na ambamo wakimbizi na wenyeji wa Isingiro huchota maji, huvua na kunyweshea mifugo.

Kwa kuwa Rwizi hautoshi tena, Shirika la Taifa la Maji na Majitaka limegeukia mto Kagera, kwa mradi wa kuvuta maji kutoka Nshungyezi hadi Isingiro na Mbarara unaofadhiliwa kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Mkopo huo utalipwa kwa ankara za maji na kwa kodi, na wenye viwanda watalipa kwa kadiri ya mita zao, sawa na mwenye nyumba ya kupangisha Nyamitanga. Bei ya mfuko wa kilo 25 inayoandikwa kwenye hati ya forodha inaonyesha maziwa, umeme, mishahara na nauli. Bomba la Kagera halimo.